Kumpima mtanashati wa kupelekwa kimataifa: alama zigawanywe vipi?

Kijana wa Chumbageni aliuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Nimeombwa kukaa kwenye meza ya majaji watakaomchagua kijana mmoja wa kutuwakilisha katika mashindano ya kimataifa ya utanashati, na waandaaji wamenikabidhi fomu yenye vipengele vitano: sura, umbo, mwendo wa jukwaani, mavazi na kujibu maswali. Kila kipengele kina alama 20. Shaka yangu ni huu mgawanyo wa sawa kwa sawa, kwa sababu kijana aliyejaliwa sura na kifua anaweza kujikusanyia alama nyingi kabla hajafungua kinywa, na hata akiboronga kwenye maswali bado atabaki juu. Mwenzangu katika jopo anaona hakuna tatizo, maana kwa maneno yake haya ni mashindano ya wanamitindo, si mdahalo wa shule za sekondari.

Ninaomba kusikia kwa wanaofuatilia mambo haya: huko nje majaji wanatazama nini hasa, na je, umbo la mwanaume linaweza kupimwa kwa namna ambayo haiishii kuwa jaji kampenda nani?

Nyota ya Pwani alijibu:

Ndugu yangu, kabla ya kuigusa fomu, waulize waandaaji kijana huyo anapelekwa mashindano gani. Mashindano haya hayafanani, na kila moja linamtafuta mtu wa aina yake.

Manhunt International, lililoanza mwaka 1993 na mshindi wake wa kwanza akiwa Thomas Sasse wa Ujerumani, tangu awali linatafuta mwanamitindo, yaani mtu ambaye kesho yake anaweza kupigwa picha za tangazo au kuvalishwa nguo za mbunifu. Mtazame Tolgahan Sayışman wa Uturuki, aliyeshinda mwaka 2005 na baadaye akawa mwigizaji mashuhuri wa tamthilia za kwao. Abdelmoumen El Maghraouy wa Moroko alilitwaa taji hilohilo mwaka 2008. Kwa shindano la namna hiyo, mwenzako ana hoja ya kusikilizwa.

Ukija kwa Mister World, hali ni nyingine. Shindano hilo lilianzishwa na waandaaji walewale wa Miss World, na fainali yake ya kwanza ilifanyika Istanbul mwaka 1996, ambapo Tom Nuyens wa Ubelgiji alishinda. Huko washiriki hupitishwa kwenye majaribio ya michezo, vipaji na uanamitindo, na anayeongoza jaribio anaweza kupata nafasi ya moja kwa moja katika hatua ya nusu fainali. Kijana mwenye kifua kizuri ambaye hawezi kukimbia mzunguko mmoja wa uwanja bila kuhema ataumbuka mapema, na fomu yako yenye vipengele vitano haina mahali popote pa kuligundua jambo hilo.

Halafu kuna Mister International, ambalo taji lake la 2014 lilikwenda kwa Neil Perez wa Ufilipino, askari polisi kazini. Kuna pia Mister Supranational, linalofanyika Polandi tangu 2016, ambako maisha ya mshiriki nje ya jukwaa na namna anavyojieleza vina uzito wake. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba alama zifuate kazi atakayopewa mshindi. Kama kazi ni picha, ongezeni uzito wa sura na mwendo; kama kazi ni kusafiri mwaka mzima akilisemea taji mbele ya wadhamini na waandishi wa habari, alama 20 za maswali ni chache mno.

Fundi Suti alijibu:

Mimi ni fundi cherehani na nimewavalisha vijana wengi wa majukwaani, hivyo niruhusuni nijibu swali la umbo, kwa sababu ndilo linalopimwa vibaya kuliko yote.

Majaji wengi wa kwetu huchanganya umbo la mwanamitindo na umbo la mtunisha misuli. Vazi la ufukweni huwadanganya, kwani pale mwenye misuli mikubwa hushangiliwa na ukumbi mzima, na jaji naye ni binadamu, masikio anayo. Mimi ningemsubiri kijana huyo avae suti. Mwambie afunge kifungo cha koti kisha asimame wima mikono ikiwa chini. Kama kifua kimezidi, utaona mikunjo miwili ikikatana pale kwenye kifungo kama alama ya kuzidisha. Pita nyuma yake utazame kola: ikiwa imeachana na shingo kiasi cha kupitisha kidole, ama koti ni la kuazima au mwili haukai kwenye nguo za kawaida. Wabunifu hushona nguo za maonyesho kwa kipimo kimoja cha wastani, kwa kawaida koti namba 48 au 50 kwa vipimo vya Ulaya, na hawana muda wa kulipanua kwa ajili ya mtu mmoja. Kwa hiyo umbo linalofaa kwa kazi hii ni lile ambalo nguo hukaa bila kulazimishwa, na hilo linapimika bila kujali nani kampenda nani.

Jambo la pili ni mwendo. Msiutazame akiwa anakuja tu, mtazameni akigeuka. Anayetembea kwa kukariri huangalia chini kabla ya kugeuka, au husimama nusu sekunde akitafuta mguu wa kuanzia. Mwenye uzoefu hutanguliza kichwa, mwili ukafuata, na koti likatulia naye.

Na hili nalisema kwa uchungu kidogo: angalieni mwanga wa ukumbi wenu. Ngozi nyeusi iliyopakwa mafuta mengi chini ya taa kali huwa na mng'ao unaoficha mistari ya misuli badala ya kuionyesha, na kijana hupoteza alama za mwili kwa kosa la aliyempaka. Mwambieni apake kidogo, kisha afutwe kwa kitambaa kikavu.

Mwalimu wa Hesabu alijibu:

Wenzangu wamegusa vigezo, lakini hakuna aliyegusa namna ya kujumlisha, na hapo ndipo mataji mengi hupotelea.

Chukua majaji watano. Kijana wa kwanza anapewa 9.2, 9.3, 9.1, 9.4 na 6.0. Kijana wa pili anapewa 8.7, 8.8, 8.6, 8.7 na 8.9. Majaji wanne kati ya watano wamemwona wa kwanza kuwa bora, lakini wastani wake ni 8.6, wakati wa pili ana 8.74, na taji linakwenda kwa wa pili kwa uamuzi wa jaji mmoja. Huenda jaji huyo hana nia mbaya hata kidogo, pengine kwake 6 ni alama ya heshima tu. Mkiondoa alama ya juu kabisa na ya chini kabisa kwa kila mmoja, wa kwanza anapata wastani wa 9.2 na wa pili 8.73, na matokeo yanafuata kile walichokiona wengi.

Kwa hiyo, ndugu muulizaji, ubishi wenu wa alama 20 kwa 20 unaweza kuwa wa bure. Majaji wakitoa kati ya 17 na 18 kwa kila mtu kwenye sura, lakini wakatoa kati ya 5 na 19 kwenye maswali, basi maswali ndiyo yatakayoamua mshindi, haidhuru fomu imeandika nini. Kabla ya kuanza, wapitisheni vijana wawili wasioshiriki, kila jaji awape alama, kisha mjadiliane kwa nini mmetofautiana.

Asiyeamini Majaji alijibu:

Mnayapamba tu. Mtu yuleyule huangushwa huku na kuvikwa taji kule. Fezile Mkhize, daktari wa Afrika Kusini, alishika nafasi ya pili katika Mister World mwezi Februari 2019 nchini Ufilipino, nyuma ya Jack Heslewood wa Uingereza. Mwaka 2024 alikwenda Polandi akatwaa Mister Supranational. Urefu ni uleule, sura ni ileile. Kilichobadilika ni meza ya majaji.

Nyota ya Pwani alijibu:

Mkuu, mfano wako unanisaidia mimi kuliko wewe. Kuwa wa pili duniani si kuangushwa; meza mbili zisizojuana zimemweka mtu mmoja juu kabisa, na tofauti iliyobaki ni ya nafasi moja. Tena kati ya 2019 na 2024 kuna miaka mitano ya utu uzima, na mwanaume anayeulizwa kuhusu kazi yake hajibu vilevile baada ya kipindi kama hicho. Ninachokubaliana nawe ni kwamba waandaaji wengi hawachapishi alama, hivyo mtazamaji hana pa kuishika hoja yake.

Kijana wa Chumbageni alijibu:

Nashukuru sana. Nimewauliza waandaaji, nao wamenijibu kwamba shindano analopelekwa lina mahojiano ya faragha na majaji kabla ya fainali. Limebaki swali moja: kijana wetu mmoja mzuri sana hajiamini kwa Kiingereza. Tumkate alama?

Nyota ya Pwani alijibu:

Msimkate kwa hilo. Mashindano mengi huruhusu mkalimani, na washiriki wa Amerika ya Kusini na Asia humtumia bila haya. Mhojini kwa Kiswahili kwanza, mkimuuliza jambo analolijua kwa mikono yake, kama ni uvuvi iwe uvuvi, kama ni bodaboda iwe bodaboda. Akijibu kwa mpangilio, akatoa mfano mmoja na akajua pa kukomea, mpeni alama zake zote, kisha mumtafutie mkalimani wafanye mazoezi pamoja, maana kuongea kupitia mtu mwingine kuna ufundi wake: ni lazima akate maneno kila baada ya sentensi mbili na aendelee kumtazama jaji usoni wakati mkalimani anazungumza. Ila asiyekuwa na la kusema hata kwa Kiswahili, huyo mkateni.

Fundi Suti alijibu:

Na huyo mkalimani naye avae vizuri. Atakuwa kwenye kamera.