Tupeane uzoefu: ulishawahi kufika kisiwani ukakuta bahari haipo?

Mleta mada

Wakuu, naanza na aibu yangu. Safari yangu ya kwanza Unguja nilifika Jambiani usiku, nikalala nasikiliza mawimbi. Asubuhi saa nne natoka na taulo begani, bahari hakuna. Mchanga mtupu, vidimbwi, na mstari mweupe wa mawimbi huko mwambani, mbali kweli. Akapita mama mmoja na gunia la mwani kichwani, nikamuuliza, "Mama, shikamoo. Maji yameenda wapi?" Alicheka mpaka akatua gunia. "Yamekupwa, mwanangu. Yatarudi." Mimi mtu wa Dodoma ningejulia wapi? Nililipia siku mbili, na zote mbili maji yalirudi alasiri. Haya, na nyie semeni yenu.

MtotoWaJambiani

Ulikuja siku za bamvua, ndugu yangu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na hutoka sana, tofauti yake inafika kama mita 4. Mwezi ukiwa nusu ndiyo maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Kwetu bamvua maji hutoka mida ya saa nne au saa tano asubuhi, yakajaa saa kumi. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki mambo yamegeuka. Anayetaka kuogelea asubuhi aje maji mafu.

Halafu ile siyo bahari tupu. Kilimo cha mwani kilianza huku Paje na Jambiani mwaka 1989, na mama yangu yumo tangu nikiwa mdogo. Maji yakitoka mbali ndiyo anaingia kazini: kupigilia vigingi, kufunga mbegu kwenye kamba, kuvuna, mgongo umepinda na jua la mchana liko kichwani. Kuna mgeni aling'oa kigingi ili apige nacho picha. Mama hakusema kitu, alikichukua akakirudisha. Mie ndiye niliyesema. Ukitaka picha ya mtu, muombe kwanza, na ukikuta mistari ya kamba, izunguke.

Kaiti_Mbovu

Mimi nilijifunzia kaiti Paje, ule mchezo wa kuteleza majini juu ya ubao ukivutwa na tiara kubwa, mwezi wa saba, kusi limeshika. Yale maji madogo mnayoyalalamikia ndiyo yaliyoniokoa. Kati ya mwamba na ufukwe yanakufika kiunoni, chini mchanga, ukianguka unasimama. Na nilianguka! Siku mbili za mwanzo sikugusa hata ubao, ni kuongoza kaiti tu hewani kama mtoto na tiara. Siku ya tatu nikasimama sekunde chache nikapiga kelele utadhani nimeolewa. Msimu mwingine mzuri ni kaskazi, Desemba mpaka Februari hivi. Ukija Aprili kwenye masika, leta kitabu.

Bi Shamsa wa Tanga

Yangu ilikuwa Mnemba, kile kisiwa kidogo kaskazini mashariki mwa Unguja. Kijana mmoja wa ufukweni, papasi wa kawaida tu, akatuuzia safari ya boti. Kwenda raha tupu: maji ya kioo, samaki wa kila rangi juu ya matumbawe, hata pomboo tuliwaona. Hakuna aliyemuuliza kurudi ni saa ngapi. Tunarudi maji yameshatoka, boti ikakwama mbali na ufukwe. "Mama, shukeni tu, tutembee." Mikoba kichwani, viatu nimeviacha hotelini kwa ujeuri wangu mwenyewe, nikakanyaga wale wadudu weusi wa baharini wenye miiba mirefu. Jamani! Mzee mmoja akanipaka utomvu wa papai bichi, miiba ikalainika, ila nilichechemea siku tatu. Siku hizi nauliza mambo matatu kabla ya bei: maji yanatoka saa ngapi, maboya ya kuvaa yapo mangapi, na nanga mnatupa wapi. Akijibu "popote", nashuka. Nanga ikiangukia matumbawe inavunja kitu kilichokua miaka na miaka.

Zagamba

Mnajitesa. Nendeni Nungwi au Kendwa, kaskazini mwa Unguja, kule mnaogelea muda wowote.

MtotoWaJambiani

@Zagamba kweli, kule maji hayakimbii sana. Wala watu hawakimbii, wamejaa.

Mpole_Kilindoni

Ongezeni Mafia kwenye orodha. Unapanda boti Nyamisati huku bara, unashukia Kilindoni kisiwani, na kuanzia Oktoba mpaka Februari hivi papa potwe wanakuja jirani kabisa na ufukwe. Siku yangu ya kwanza tulizunguka asubuhi nzima bila kuona hata pezi. Siku ya pili nahodha alinyoosha kidole tu, nikavaa miwani, nikaingia. Kitu kikubwa kuliko boti yetu, kina madoa meupe mgongoni, kimeachama kinachuja vidudu vidogo vya majini, na mimi hakinijali hata kidogo. Sheria ni kutomgusa na kutomkatia njia. Mwenzetu mmoja alimsogelea ili ajipige picha, samaki akazama taratibu na hakurudi. Boti nzima tulimnunia mpaka nchi kavu.

Nuru_M

Mimi si mtu wa maji kabisa. Nilikwenda Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwezi wa saba kuona Mwaka Kogwa, sherehe yao ya mwaka mpya. Wanaume wanachapana kwa migomba, kibanda cha makuti kinachomwa, wanawake wanaimba wamevaa nguo zao nzuri kupita kiasi. Nilijua nitasimama pembeni kama mtalii, kumbe siku ile kukaa bila mgeni si jambo jema kwao, nikavutwa nyumba tatu na zote nikala. Kanga niliyojifunga kwa heshima ndiyo ilifungua mazungumzo, maana kila bibi alitaka kusoma jina la kanga ile kwa sauti. Ukipita kijijini jisitiri, nguo za kuogelea ziishie ufukweni.

Mleta mada

Asanteni sana. Nataka kurudi Jambiani na watoto, ni wadogo na wanataka maji asubuhi. @MtotoWaJambiani nije lini?

MtotoWaJambiani

Usiku wa leo toka nje utazame juu. Mwezi ukoje?

Mleta mada

Mpevu, umejaa pomoni.

MtotoWaJambiani

Basi hesabu siku saba ndiyo upande boti. Na watoto wavae viatu.