Panadol yenyewe si sumu, basi ini huuawa na nini?

Donholm_24: Wadau, salaam. Mtu akimeza vidonge 30 vya parasetamoli (dawa iliyomo kwenye Panadol), dawa inaweza kuwa imeshapungua sana kwenye damu wakati ini ndiyo kwanza linaanza kuumia. Sasa kinacholiua ni nini?

MfamasiaUmoja: Ini lenyewe ndilo linaloitengeneza hiyo sumu. Kwa dozi ya kawaida, sehemu kubwa ya dawa hufungwa kwa kemikali za glukuronidi au salfeti na kutoka kwenye mkojo bila madhara. Asilimia 5 hadi 10 hivi hupitia kimeng'enya CYP2E1 na kugeuka NAPQI, kemikali inayotafuta elektroni kwa pupa na kunasa salfa ya sisteini (moja ya asidi amino zinazojenga protini) popote inapoikuta. Glutathioni, kinga ya asili ya seli, huiwahi na kuizima. Dozi ikizidi, njia ya salfeti hujaa, NAPQI huongezeka, na akiba ya glutathioni ikishuka hadi kama asilimia 30, NAPQI huhamia kwenye protini za mitokondria, mitambo ya nishati ya seli. Hapo seli hufa, zikianza zile zilizo karibu na mshipa wa kati, kwa kuwa CYP2E1 imejaa huko.

Donholm_24: Asante sana. Na pombe?

Kliniko_Kasarani: Mnywaji wa kila siku ana CYP2E1 nyingi, na asiyekula vizuri ana glutathioni kidogo. Ile gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, ni kikomo cha mtu mzima mwenye afya; huyu apewe chini ya hapo. Tena hapa Nairobi watu hununua Panadol na dawa ya mafua kwa pamoja bila kujua zote zina parasetamoli. Someni pakiti, tafadhali.

MfamasiaUmoja: Aliyezidisha asingoje kuumwa, aende hospitali saa hiyo hiyo. Siku ya kwanza huenda akatapika tu, au asihisi kitu. ALT, kimeng'enya kinachovujia kwenye damu ini likiumia, hufika kileleni siku ya 3 au ya 4. Damu ya kupima kiwango itolewe kuanzia saa 4 baada ya kumeza, kwani kabla ya hapo dawa bado inanyonywa na namba hupotosha. Tiba ni asetilisisteini, inayolipa ini sisteini ya kuunda glutathioni mpya. Kwa mshipa: miligramu 150 kwa kila kilo ndani ya saa 1, kisha 50 kwa saa 4, kisha 100 kwa saa 16. Mgonjwa wa kilo 60 atapata gramu 9, 3 na 6. Ikianzwa ndani ya saa 8, ini huokoka karibu kila mara. Majibu ya maabara yakichelewa na saa ya 8 inakaribia, ianzwe bila kuyasubiri.