Weiterbildungsplan (mpango wa mafunzo ya nyongeza huku Ujerumani) imerudishwa tena, nani huwa anaijaza?

Chuma_Mbeya:
Habari za jioni wanandugu. Bescheid yangu (barua ya uamuzi wa kutambua cheti) ilitoka, teilweise, yaani kwa sehemu tu, kama wengi wetu, cheti cha VETA wamekikubali upande wa umeme na makanika ila SPS (kompyuta ya kuongoza mashine) na haidroliki wanataka niongezewe mafunzo. Kiwandani hakuna shida, bosi kasema atanifundisha hukohuko kwenye CNC (mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta). Tatizo ofisi ya wageni ya huku kwetu, nimepeleka plan wakasema haionyeshi masaa, nikapeleka yenye masaa, sasa wanataka muhuri, wa nani hawasemi. Na 16d yangu, kibali cha kukaa huku nikikamilisha kutambuliwa kwa cheti, inakaribia kuisha. Plan inajazwa na kiwanda au IHK (chemba ya viwanda na biashara)?

BabaZuu:
Kaka nenda HWK (chemba ya mafundi), mimi walinimalizia chapchap.

Mama_Neckar:
BabaZuu wewe ni fundi magari!! HWK ni ya gereji, vinyozi na wenzao. Yeye ni wa kiwandani, Bescheid za huko zinatoka IHK FOSA Nürnberg, ofisi ya IHK ya kutambua vyeti vya nje. Msipotoshe watu bwana.

Fundi_wa_Kisumu:
Mimi niliachana na hizo Bescheid nikaanza upya Ausbildung (mafunzo ya ufundi kazini) ya Mechatroniker, fundi wa mashine na umeme, miaka 3 na nusu. Nilikuja na diploma yangu nikijua nitashika roboti, wapi! Nikapewa tupa na kipande cha chuma, unapiga tupa mpaka viganja vinatoka malengelenge, halafu Meister (fundi mkuu) anaweka pembemraba yake juu ya chuma anainua dirishani, akiona mwanga unapenya anakurudishia bila neno. Na watoto wa miaka 16 wananicheka pembeni. Lakini leo spindle (mhimili wa mashine unaozunguka) ikianza kulia vibaya naisikia kabla kompyuta haijasema kitu.

Chuma_Mbeya:
Asanteni. Na muhuri?

Mswahili_wa_Köln:
Tatizo kubwa liko nyumbani. Kenya na Ujerumani zilisaini mkataba wa wafanyakazi Septemba 2024, enzi za chansela Scholz, zikavuma habari za nafasi za kazi laki 2 na nusu, serikali ya Ujerumani yenyewe ikakana, ikasema hakuna namba kama hiyo kwenye mkataba. Sasa madalali wanakula hela za vijana ambao hata A1, ngazi ya kwanza ya Kijerumani, hawana. Halafu hawa wachache wenye ujuzi wakishaondoka, viwanda vyetu vitaendeshwa na nani?

Fundi_wa_Kisumu:
Viwanda gani mzee? Chuo nilichosoma CNC ilikuwa moja, imefunikwa turubai, inafunuliwa mgeni wa wizara akija.

BabaZuu:
Heri nyinyi mliiona. Sisi tulichorewa ubaoni 😂

Mswahili_wa_Köln:
Cheka tu. Wajerumani wenyewe wanalia hawana mafundi, watoto wao wanakimbilia chuo kikuu, ndo maana wametufungulia mlango. Sio mapenzi.

Mama_Neckar:
Haya, anayekwenda Dar mwezi huu anitafute inbox. Mdogo wangu anasoma ufundi wa mashine, nina vifaa vya kupimia, vernier ya dijitali na maikromita, nataka kumpelekea, hata kilo haifiki. Na akirudi aniletee dagaa wa Kigoma, hawa wa duka la hapa mchanga mtupu.