Kipi kitangulie kuwekwa kidijitali katika nyaraka za Unguja na Pemba?

Mtoa mada, Unguja

Naleta suala ambalo kwa ujumla wake hatugombani, ila tukiingia ndani yake kila mtu anashika njia yake. Sijamsikia anayepinga kwamba nyaraka zetu ziwekwe kidijitali, hasa tangu sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na kutukumbusha kwamba jengo kubwa nalo huanguka. Ugomvi unaanza inapoulizwa kipi kitangulie, kwa sababu fedha, mashine na watu wa kuziendesha havitatosha kwa kila rafu iliyopo katika hifadhi ya nyaraka ya Kilimani, seuze masanduku yaliyomo misikitini na majumbani.

Rai iliyozoeleka ni kwamba tuanze na barua za ubalozi mdogo wa Kiingereza, zile zilizoorodheshwa hifadhini kwa alama ya AA, pamoja na karatasi zinazohusu mikataba ya kupiga marufuku biashara ya watumwa, ukiwamo ule wa 1873 ambao Sayyid Barghash, sultani wa wakati huo, alilazimika kuutia saini. Wenye rai hiyo wana hoja zao: watafiti wa nje wanaziulizia sana, zimeandikwa kwa lugha inayosomwa na wengi, na mfadhili hahitaji kuelezwa mara mbili umuhimu wake. Mimi naipinga. Balozi aliyekaa Unguja alikuwa akiripoti kwa wakubwa wake Bombay na London, na sehemu kubwa ya alichokiripoti imehifadhiwa hadi leo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Uingereza iliyopo Kew, London, na kule India. Nakala iliyobaki kwetu ina thamani yake, kwani aghalabu huwa na maandishi ya pembeni ambayo hayakusafiri na barua, lakini ikiliwa na mchwa habari yenyewe bado ipo. Daftari la kadhi wa Wete likiliwa na mchwa, limekwisha.

Kwa hiyo napendekeza tuulize kwanza kama kitu hicho kinapatikana mahala pengine popote duniani. Tukiuliza hivyo, vinavyopanda juu ni madaftari ya mahakama za kadhi, hati za wakfu, wosia, mikataba ya kuuziana na kuwekeana rehani mashamba ya karafuu, miswada ya Kiarabu, na maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Itazameni hati moja ya wakfu. Mwenye kuiweka anaitaja nyumba au shamba, kisha anaeleza mipaka yake pande zote nne: upande huu njia iendayo msikitini, upande ule shamba la fulani bin fulani. Kisha anataja wa kunufaika, ambaye pengine ni imamu, pengine ni watumwa aliowaacha huru na vizazi vyao, na mwisho anataja nani awe msimamizi baada yake. Katika ukurasa huo mmoja mna mipaka ya mtaa ambao huenda haukuwahi kupimwa na mpimaji yeyote, mna majirani ambao hakuna balozi aliyewataja, na si mara chache mwenye mali ni mwanamke anayeitoa kwa jina lake mwenyewe. Nani mwengine ametuandikia haya?

Gharama naijua. Ukurasa hupigwa picha kwa muda mfupi. Kinachokula wakati ni kuusoma, kuutambua na kuuandikia faharasa, kwa kuwa picha isiyo na faharasa hakuna atakayeipata akiitafuta. Wanaosoma hati hizi kwa ufasaha ni wachache, na wengi wao ni watu wazima sana. Wenzangu wanaitumia hali hiyo kuwa sababu ya kuanza na kilicho chepesi. Kwangu ni sababu ya kuanza na kilicho kizito, wakati wa kutusomea wangali hai.

Mchangiaji wa kwanza, mhifadhi wa karatasi

Kipimo chako nakikubali, lakini peke yake hakitoshi, na wengi wetu tunadanganywa na umri wa kitu. Miswada mingi ya zamani iliandikwa juu ya karatasi iliyotengenezwa kwa nguo kuukuu, tena kwa wino wa masizi, na karatasi ya namna hiyo ikisalimika na maji na wadudu huvumilia karne nyingi. Magazeti ya karne ya ishirini yalichapwa kwenye karatasi ya mbao iliyosagwa, yenye asidi ndani yake, inayojila yenyewe hata ikiwa kabatini. Nikifunua jalada la magazeti ya miaka ya 1950, nikimaliza hufagia vipande mezani. Nikifunua mswada ulioyazidi umri mara mbili, meza hubaki safi. Kwa hali hiyo Mwongozi, Afrika Kwetu, Al-Falaq na Samachar yanaweza kututoka kabla ya hati unazozipigania.

Tepu za redio ziko katika hali mbaya zaidi. Gundi inayoshika unga wa sumaku huvuta unyevu, na katika hewa ya visiwani, hasa masika, tepu hunata na kuchunika inapozungushwa. Mashine za kuzichezea nazo zimekuwa adimu. Karatasi iliyochakaa bado inaweza kusomwa kwa jicho, ila tepu bila mashine haisemi neno.

Mchangiaji wa pili, mwalimu, Pemba

Ndugu zangu wa Unguja, mnazungumza kuhusu karatasi, mimi nataka tuzungumze kuhusu waliomo. Amri ya Aprili 1897 iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, lakini mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kudai uhuru wake, bwana akapewa fidia, na masuria wakaachwa nje hadi 1909. Utaratibu huo ulizaa madaftari: jina la aliyeachiwa, jina la bwana wake, na mahala walipoishi. Vijiji ni vilevile na koo ni zilezile. Huku kwetu bado asili ya mtu hunong'onwa posa inapoletwa, na mnataka kijana aitafute kwenye simu? Vivyo hivyo hati za mashamba: ardhi iliyotaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964 iligaiwa eka tatu tatu, na karatasi ya rehani ya kabla ya hapo ikiwekwa hadharani itapelekwa mahakamani asubuhi yake.

Sisemi zisipigwe picha. Nasema kupiga picha ni uamuzi mmoja na kuzitangaza ni uamuzi mwengine, na huu wa pili haujaulizwa koo zinazohusika.

Mtoa mada

Dada mhifadhi, kuhusu tepu sina la kupinga: zitangulie, hata mbele ya wakfu. Kuhusu magazeti nasita, kwa kuwa toleo la gazeti halikuchapwa nakala moja, na kabla ya kulitumilia fedha ni wajibu tuulizie kwanza majumbani na katika maktaba za nje.

Maalim, tofauti uliyoiweka ni ya haki, na madaftari ya 1897 nayataka yapigwe picha kisha yasomwe ndani ya chumba cha kusomea tu, kwa muda utakaowekwa na sheria. Lakini hati za wakfu sikubali zifungiwe pamoja nayo, maana anayefaidika hati ya wakfu isipoonekana ni yule aliyeikalia mali yenyewe, naye hahitaji ulinzi wetu.

Lipo pia suala la nakala zitakaa wapi. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha chini ya mradi unaosimamiwa na British Library, asili zikabaki Lamu, na hilo lilikuwa jema. Oktoba 2023 mitandao ya maktaba hiyo ilishambuliwa, na huduma zake nyingi zikalala kwa miezi. Aliyekuwa akitegemea nakala za London peke yake alikaa bila kitu. Kwetu nataka nakala kamili ibaki Kilimani na nyengine Chake Chake, bila kujali nani amelipia kamera. Sasa Maalim, tuambie: kwa upande wa Pemba, hizo koo ziulizwe na nani, shehia au mahakama ya kadhi?