Kota Bharu kwa treni ya kulala, basi la usiku au ndege? Naomba ulinganisho, wakuu

MsafiriMakini
Wakuu, habari za leo. Tunakwenda Malaysia na tunataka kufika Kota Bharu, kisha tuvuke hadi visiwa vya Perhentian. Nimebakiwa na njia tatu: treni ya kulala, basi la usiku, au ndege. Ndege si ghali, ila tunatamani kuona misitu na vijiji vya ndani. Nikate ipi? Nataka kulipa wiki hii.

Reli1000
Mkuu, hujasema mnatokea wapi, mwezi gani, mko wangapi, wala mna mizigo ya aina gani. Bila hayo kila atakayekujibu atakuwa anakisia.

Kwa sasa nikupe msingi. Treni ya kulala ya reli ya mashariki inaitwa Ekspres Rakyat Timuran. Namba 26 inapanda kaskazini, namba 27 inashuka kusini. Inaanzia JB Sentral, Johor Bahru, ng'ambo tu ya Singapore, na kuishia Tumpat, karibu na mpaka wa Thailand. Kuala Lumpur haipiti kabisa. Ndiyo maana swali la kwanza ni mnatua wapi.

KijanaWaGombak
Kama wanatua KL, basi la usiku halina mpinzani. Unapandia Terminal Bersepadu Selatan, kituo ambacho watu wote wanakiita TBS, na baada ya mwendo wa saa nane hivi uko Kota Bharu. Chagua basi lenye viti viwili upande mmoja na kimoja upande wa pili, uchukue hicho cha peke yake. Kasoro yake ni kwamba ukiondoka saa tatu usiku unashushwa kabla ya alfajiri, na boti bado hazijaanza. Ondoka saa nne au saa tano.

Bi Mwanaidi
Kaka, mwenzio kasema anataka kuona misitu. Ndani ya basi la usiku ataona pazia na taa za malori.

MsafiriMakini
Samahani wakuu. Tuko watatu: mimi, mke wangu na mama mzazi, miaka 68, goti moja linamsumbua. Kila mtu ana sanduku moja. Tunaweza kutua KL au Singapore, tiketi ya ndege kubwa bado sijakata. Kuhusu mwezi, nilifikiria likizo ya Desemba.

Reli1000
Desemba hapana. Nakuambia hivyo waziwazi.

Novemba hadi Januari ndio msimu wa pepo za kaskazini-mashariki, na Kelantan, jimbo la Kota Bharu, inapokea mvua kubwa kuliko sehemu nyingi za nchi ile. Mito Galas na Kelantan inafurika, na reli inafuata mabonde ya mito hiyo hiyo. Mafuriko ya Desemba 2014 yalisomba daraja la reli pale Kemubu, na treni haikupita njia nzima mpaka katikati ya 2016. Si kila mwaka hali inakuwa mbaya hivyo, lakini huduma kukatwa siku chache Desemba ni jambo la kutarajia. Tena Perhentian kwenyewe hoteli nyingi zinafungwa na bahari inachafuka. Sogeza safari iwe kati ya Aprili na Septemba.

Mzee wa Mabehewa
Nakubaliana. Sasa tuje kwenye treni yenyewe, maana wengi wanaikata bila kujua wanachokata.

Behewa la kulala lina vitanda 40, 20 chini na 20 juu. Si vyumba kama TAZARA. Ni korido moja katikati, vitanda vimepangwa kwa urefu wa behewa pande zote mbili, na kila kitanda kina pazia lake. Hakuna mlango wa kufunga. Cha chini ni kipana na kina dirisha. Cha juu ni chembamba, unapanda kwa ngazi ya chuma iliyosimama wima, kichwa kinakaribia dari, na huwezi kukaa ukanyoosha mgongo. Taa za korido haziwaki hafifu. Mwanga unapita juu ya pazia usiku kucha. Tofauti ya bei ni ringgit chache. Kwa mama mwenye goti bovu usijadili: kitanda cha chini, katikati ya behewa, mbali na choo na mlango. Walio mwisho wa behewa wanasikia mlango ukigonga kila mtu anapopita, na harufu ya choo inawafikia ifikapo asubuhi.

Kwenye programu ya simu, "bawah" ni chini na "atas" ni juu. Neno la kitanda ni "katil". Choo ni "tandas". Yanatosha kuulizia.

KijanaWaGombak
Na baridi, Mzee, umeisahau. Kiyoyozi hakipunguzwi. Watu wanakuja na fulana kwa sababu nje ni nyuzi 30, saa nane usiku wanatetemeka. Bibi abebe sweta, soksi na shuka nzito. Kikoi peke yake hakitoshi.

Mzee wa Mabehewa
Kweli kabisa. Na baridi hiyo ina matokeo mengine ambayo watu wanadhani ni uchafu. Alfajiri kioo kinakuwa cheupe, huoni kitu. Unakifuta kwa kiganja, hakibadiliki. Umande uko upande wa nje: kioo kimepozwa na kiyoyozi, hewa ya msituni imejaa unyevu, matone yanajikusanya nje. Subiri tu. Jua likishapanda kidogo, michirizi inaanza kushuka, mmoja, wa pili, halafu ghafla unaona migomba na paa za mabati ya nyumba za nguzo. Asiyejua analala tena na kukosa kipande kizuri kuliko vyote.

Bi Mwanaidi
Kipande chenyewe ni kipi? Mwambieni, maana uelekeo wa safari ndio unaoamua.

Reli1000
Dada, hapo ndipo penyewe. Chukua namba 26, ya kupanda kaskazini. Inaondoka JB jioni au usiku, inapita Johor gizani, na Johor ni michikichi kilomita kwa kilomita, hukosi kitu. Gemas inafika katikati ya usiku, hapo inaacha reli kuu ya magharibi na kuingia ya mashariki, njia moja tu, isiyo na umeme, mpaka Tumpat. Kunakucha uko upande wa Kuala Lipis na Gua Musang. Jua kule linatoka karibu saa moja.

Gua Musang, jabali la chokaa limesimama nyuma ya stesheni kama ukuta. Kutoka hapo hadi Dabong ni mahandaki, mito, msitu unaogusa behewa. Kisha Kuala Krai, nchi inafunguka. Karibu na Tanah Merah mnavuka Mto Kelantan kwa daraja la Guillemard, la chuma, la miaka ya 1920, halafu ni mashamba ya mpunga mpaka mwisho. Mnafika kuelekea mchana.

Namba 27 inaondoka Tumpat jioni. Msitu wote unaupita usiku na unaamkia michikichi. Watu wawili wanaweza kupanda treni ile ile, mmoja akaisifu na mwingine akasema haina lolote, na tofauti ni namba tu.

MsafiriMakini
Asanteni sana. Kwa hiyo nitue Singapore? Na tiketi nakata vipi? Nimeona tovuti ya wakala inauza kwa kadi, rahisi kabisa.

DadaTiketi
Ndugu yangu, tulia hapo kwa wakala.

Kuna familia ya watu wanne ambao suala lao nililifuatilia mwanzo mwisho, nalieleza ili uone kosa linaanzia wapi. Walilipa kwa wakala mmoja wa mtandaoni miezi mitatu kabla. Walipata baruapepe yenye neno "imethibitishwa" na namba ndefu. Ile haikuwa tiketi. Ilikuwa vocha ya kwamba wakala amepokea pesa na ataomba tiketi mauzo yatakapofunguliwa. Shirika la reli lilikuwa halijaanza kuuza tarehe hizo. Yalipofunguliwa, vitanda vya chini viliondoka upesi kwa sababu wiki ile ilikuwa ya likizo ya shule. Wakala akanunua alichokuta: vitanda viwili vya juu na viti viwili kwenye behewa la kukaa. Masharti yake, kwa herufi ndogo, yalisema "daraja linalofanana". Juu ya hilo, jina la baba liliandikwa bila jina la katikati na namba ya pasi ya mtoto ilikosewa tarakimu moja. Walitumiwa tiketi halisi siku mbili kabla ya safari. Kurekebisha kupitia wakala kulihitaji siku tano za kazi. Mtoto wa miaka sita na bibi yake wakakaa kwenye viti usiku mzima.

Kwa hiyo: pakua programu rasmi ya KTMB, shirika la reli la Malaysia, jisajili kwa namba ya pasi, ingiza kila abiria kama pasi yake ilivyoandikwa, kisha fungua ramani ya behewa uchague kitanda kwa mkono wako. Ukiona tarehe yako haijafunguliwa, usiende kwa wakala, subiri uangalie kila siku mbili tatu. Kadi ikikataliwa, jaribu ya benki nyingine kabla ya kudhani mtandao ni mbovu. Hifadhi tiketi yenye msimbo kwenye simu, na chapisha nakala moja.

Na saa: ratiba zao ni za saa 24. 20:30 ni saa mbili na nusu usiku. Anayepandia Gemas asome tarehe kwanza kabla ya saa, kwa sababu treni inapita karibu na saa sita usiku na dakika chache zinabadilisha siku.

KijanaWaGombak
Lakini si lazima atue Singapore. Treni ya umeme, ETS, sasa inatoka KL Sentral hadi JB Sentral kwa zaidi kidogo ya saa nne. Analala KL, anashuka JB mchana, jioni anapanda 26.

Reli1000
Anashuka kusini ili arudi kaskazini usiku ule ule. Inawezekana, na kwa mama ni afadhali kuliko kutoka KL mkaisubiri Gemas usiku wa manane, mji umelala. Ila kama ndege kubwa bado, Singapore ni karibu zaidi. Treni ya Shuttle Tebrau inavuka kutoka Woodlands, upande wa Singapore, kwa dakika tano. Uhamiaji wa nchi zote mbili unamalizwa Woodlands, ukishuka JB unatoka moja kwa moja. Za jioni zinajaa mapema, hasa Ijumaa, na kwa basi foleni ya daraja siku hiyo inaweza kula saa tatu. Vukeni mchana. Fomu ya kidijitali ya kuingia Malaysia, MDAC, mnajaza ndani ya siku tatu kabla ya kuingia. Ni bure, tovuti inayodai pesa iache.

Mzee wa Mabehewa
Chakula nunueni madukani pale jirani na JB Sentral. Behewa la mkahawa lina nasi lemak (wali wa nazi), tambi na kahawa ya unga, vikiisha vimeisha. Pawabenki iliyojaa kwa kila mtu. Masanduku matatu magumu yatawapa taabu, kitandani hayana pa kukaa. Begi laini linawekwa miguuni.

Simba wa Ruvu
Wakuu, mmesema TAZARA. Kwa nini watu wanahangaika kwenda mbali? TAZARA unapata chumba cha watu wanne daraja la kwanza, mlango unafungwa, mbuga ya Nyerere inapita dirishani. Na reli ni ile ile ya mita moja.

Reli1000
Si ile ile. TAZARA ni milimita 1067. Yenye 1000, sawa na Malaysia, ni reli yetu ya kati ya zamani, ya Dar kwenda Kigoma, na ile ya Mombasa kwenda Uganda.

Simba wa Ruvu
Milimita 67 abiria anazihisi wapi?

Reli1000
Hazihisi. Behewa ndilo linazihisi, haliwezi kuhama reli bila kubadilishwa magurudumu. Na hiyo reli ya mashariki ina historia yake: ilikamilika 1931, Wajapani wakati wa vita wakang'oa sehemu kubwa ya vyuma wakavipeleka kujenga reli ya Burma, ikabidi itandikwe upya baadaye.

Bi Mwanaidi
Jamani, turudi kwa mama. Mnashukia wapi? Si Tumpat. Shukeni Wakaf Bharu, ndiyo stesheni ya Kota Bharu, teksi kidogo tu mko mjini. Na msikate boti ya siku hiyo hiyo. Njia ni moja, treni inasimama kupisha wenzake, kuchelewa saa moja si ajabu, kisha hadi Kuala Besut, zinakoondokea boti, ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari. Laleni Kota Bharu, boti asubuhi.

KijanaWaGombak
Basi mkilala Kota Bharu, ndege ya KL, mwendo wa saa moja tu, inawafikisha saa zile zile na mama amelala hotelini usiku uliotangulia. Mimi bado sioni hoja ya treni kwa mtu wa miaka 68.

Mzee wa Mabehewa
Kitanda cha chini, amenyoosha goti usiku mzima. Kiti cha basi kingemfanyia hivyo?

KijanaWaGombak
Nimesema ndege, Mzee, sikusema basi.

MsafiriMakini
Nimemwonyesha mama huu uzi. Ameuliza jambo moja: choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Goti haliwezi kuchuchumaa.

DadaTiketi
Kwenye mabehewa ya kulala huwa vipo vya aina zote mbili. Tatizo ni kwamba cha kukaa kikiwa na mtu atasubiri, na treni ikiyumba kwenye kona za Gua Musang ashike chuma cha ukutani kwa mikono miwili. Mke wako alale kitanda kinachotazamana na chake, amsindikize. Wewe chukua cha juu.

MsafiriMakini
Sawa dada. Naangalia Mei, vitanda bado havijafunguliwa. Ndege ya KL nayo nimeiweka pembeni kwanza.