Hesabu za chekechea: visoda na mawe, au daftari? Wazazi wa Mwanza tuongee

Mleta mada (Nyakato)

Wakuu habari za jioni. Jumamosi tulikuwa na kikao cha wazazi pale anaposoma binti yangu, ana miaka mitano, na kikao kimeisha kwa kelele maana mwalimu mpya kasema muhula huu hatoi tena homuweki ya kuandika namba 1 mpaka 100, watoto watakuwa wanahesabu visoda, wanapanga mawe, wanapima maji kwa vikopo, daftari litafunguliwa mara moja moja tu. Nusu ya wazazi wakawaka, mmoja kasema wazi kabisa kwamba anahamisha mtoto.

Mi nilikaa kimya. Wiki moja kabla nilikuwa Mwaloni Kirumba na mama yangu, ana meza yake ya sato pale, akamwambia mjukuu wake niletee sato saba kwenye beseni, mteja anasubiri. Huyu mtoto anaimba moja mpaka mia bila kupumua, wageni wakija nyumbani huwa namsimamisha aimbe. Akaleta wanne. Bibi akamwambia hebu hesabu, akaanza, kidole kinamgusa sato mmoja mara mbili, kinarudi kwa wa kwanza, mdomo umefika saba akatabasamu kamaliza. Mteja akacheka. Mi sikucheka, ada nimeshalipa.

Sasa naulizeni, hiyo mia anayoimba ni hesabu au ni wimbo? Na visoda ndo dawa au tunapigwa? Nawasilisha.

Baba Pacha wa Buhongwa

Pole mkuu ila mi niko na waliowaka. Nina mapacha, mwaka kesho wanaingia darasa la kwanza na shule ninayoitaka ina intavyuu, mtoto anapewa karatasi na penseli anaambiwa andika, jumlisha. Hakuna mtu atamwekea visoda mezani. Halafu daftari mi ndo risiti yangu, nikilifungua jioni naona tiki najua leo kasoma. Akirudi mikono ina udongo nitajuaje kama kajifunza au kashinda anacheza? Kucheza nyumbani kupo bure.

Mgonjwa wa soka

Visoda tunavyo vya kutosha, mwalimu aje Jumapili usiku baa yoyote ya Igoma atapata vya mkoa mzima 😂

Mwl wa awali (shule ya serikali)

Naomba niongee kama mtu wa chaki. Baba Pacha nakuelewa, ila alichokiona mleta mada Mwaloni kinafahamika sana. Mtoto kuimba namba ni jambo moja, kuhesabu ni mambo matatu kwa pamoja: namba zifuatane zilezile kila siku, kila kitu kiguswe mara moja tu na kipate namba yake, na ajue ile ya mwisho kuitaja ndo idadi ya vyote. Binti ana la kwanza tu, mengine mawili hayamo kwenye wimbo wala kwenye daftari. Yanaingia kwa kidole.

Darasani natumia trei ya mayai. Ile ya mayai 30 ina safu sita za mashimo matano matano, nakata safu mbili napata mashimo kumi. Mtoto anaweka visoda saba, anaona safu moja imejaa na viwili vimekaa chini, namuuliza bado vingapi ijae? Anatazama mashimo matupu, vitatu. Hapo kashafanya 10 kutoa 7 bila kujua na hajalia. Wiki kadhaa ukimwonyesha trei sekunde moja tu anakwambia saba kabla hujaifunika.

Nyumbani jaribuni hiki, ni jaribio la Piaget, yule Mswisi aliyechunguza watoto wanavyofikiri. Panga visoda sita mstari mmoja, chini yake sita vingine vikitazamana. Muulize wapi vingi, atasema sawa. Halafu mbele ya macho yake tanua mstari wa chini uwe mrefu, uliza tena. Wengi wa miaka minne mitano watakwambia wa chini umekuwa na vingi. Msiwachape, hawajawa wajinga, kichwa bado kinaamini urefu kuliko idadi, na huyo ndo mnamlazimisha aandike 87 + 6.

Ila nisiwadanganye. Uwiano tunaoambiwa kwa awali ni mwalimu 1 kwa watoto 25. Mi nina zaidi ya mia kwenye chumba kimoja, tangu ada ifutwe 2016 watoto wamejaa, jambo jema, ila vyumba havikuzaliana. Visoda vya watoto mia vikimwagika siku imeisha. Nagawa makundi, kundi moja kona ya hesabu, mengine yanachora na kuimba nje, nikigeuka wawili wanapigana. Kwa hiyo mzazi akiniambia visoda ni uvivu wa mwalimu huwa nacheka kwa uchungu, kuandika namba ubaoni na kusema nakilini ndo uvivu wenyewe.

Mama D, Mkuyuni

Mi sipingi visoda, napinga kunde na maharage. Mwaka juzi mwanangu kaweka haragwe puani huko shuleni wakiwa kwenye hizo hesabu za vitendo, hakusema, likavimba mpaka usiku pua inatoa harufu, tumeenda hospitali wamelitoa kwa taabu na mwalimu hakuwa na habari. Vitu viwe vikubwa visivyoingia puani wala kooni, na mtu mzima awepo. Visoda vyenyewe vingine vina kingo kali.

Mzee wa Kisesa

Wajukuu zangu, mnagombana juu ya kitu tulichokua nacho. Nani hapa hajacheza mdako? Unachimba kashimo, unajaza vijiwe, unarusha kimoja juu, kabla hakijatua unatoa vingine na kurudisha ukibakiza kimoja, halafu mzunguko unaofuata unabakiza viwili, halafu vitatu. Ukikosea hesabu wenzako wanapiga kelele zamu imeisha. Na isolo, bao letu la Kisukuma, sisi tulilichimba chini kwenye ardhi tukichunga ng'ombe, unapanda kete shimo kwa shimo na ukiwa mzuri unajua itaishia wapi kabla hujaanza. Hakuna aliyetuita wanafunzi. Leo mtoto anapewa simu anyamaze, halafu mnaita mtaalamu amfundishe kuhesabu mawe kwa ada.

Baba Pacha wa Buhongwa

Mzee shikamoo. Ila mlivyocheza mdako mlikuwa na miaka minane tisa, hapa tunaongelea wa minne. Na haya ya vitendo si ndo yale ya Wazungu, sijui Montessori?

Binti wa Pasiansi

Kaka, Montessori, yule daktari mama wa Kiitaliano aliyefundisha watoto kwa kushikashika vitu, kaanza Roma 1907 na watoto wa mtaa wa kimaskini ambao wazazi walikuwa kazini, sio wa matajiri, hizi bei zimekuja baadaye. Na kabla yake Fröbel kule Ujerumani 1837 alikuwa anawapa watoto vibao vya mbao wapange.

Ila mi nina la kwangu, mbona hamuongelei lugha? Watoto wa inglishi midiamu wanafundishwa ileveni, twelfu, maneno ambayo hayasemi chochote. Sisi kumi na moja, kumi na mbili, neno lenyewe linakuonyesha kisoda kimoja kimezidi nje ya trei. Ishirini inaharibu kidogo, sawa, ila kumi na tisa mpaka hapo tunakuwa tumewazidi. Mtoto ameshapata kumi na saba kwa Kiswahili nyumbani, shuleni anaambiwa asahau aanze upya, halafu mnashangaa hesabu ngumu. Mpaka nimesahau nilikuwa upande gani.

Mwl wa awali (shule ya serikali)

Dada umegusa penyewe. Na Baba Pacha, wa miaka minne hachezi mdako wa kurusha, kweli. Anachimba shimo na kuhamisha vijiwe, inatosha. Ukitaka risiti mwambie mwalimu akuruhusu ukae darasani nusu saa.

Baba Pacha wa Buhongwa

Nusu saa nitaenda. Intavyuu bado ipo lakini, hilo hamjanijibu.

Mleta mada (Nyakato)

Nimerudi. Jana nimepanga visoda sita kwa sita. Kasema sawa. Nikatanua, kasema "baba huku umeongeza". Nimemwambia sijaongeza, kakasirika, kavikusanya vyote, kavipanga mwenyewe upya kimoja kwa kimoja vikatazamana, akakaa kimya muda mrefu. Halafu akavitanua mwenyewe. Hakusema kitu. Tumerudia leo asubuhi, bado kasema vya chini ni vingi, ila mara hii kasema huku ananitazama usoni kama anaona nitafanyaje.

Mgonjwa wa soka, ile baa ni ipi? Nina viroba viwili vitupu hapa.

Mgonjwa wa soka

Njoo Jumatatu saa mbili asubuhi kabla hawajafagia. Na sabuni uje nayo mkuu, vinanuka.