Setralini 50 mg: kukata kidonge au kuruka siku?

Mlezi_Busia
Hodi wakubwa. Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 38, anameza setralini 50 mg kila asubuhi, huu mwezi wa 14. Dalili za sonona zimemwisha miezi 10 sasa. Daktari amekubali aache, ila kwenye karatasi kaandika "punguza polepole", basi. Vidonge vimebaki 30, vina mstari katikati. Duka la dawa hapa mpakani wanasema ameze siku moja, aruke siku moja. Wengine wanasema akate nusu. Tushike lipi?

Mfamasia_Tororo
Akate. Kuruka siku ni ushauri wa fluoksetini ambao watu wameubandika kwenye kila dawa ya sonona. Fluoksetini na kile inachogeuka mwilini hukaa kwenye damu hata wiki kadhaa, kwa hiyo siku iliyorukwa haisikiki. Setralini hupungua nusu kwa takriban saa 26. Akimeza leo na kurudia keshokutwa, saa ya kumeza tena ikifika, dawa iliyobaki mwilini ni kama robo tu. Mwili unapanda na kushuka hivyo kila siku mbili: kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto nzito, mishtuko kichwani kama ya umeme. Halafu nyumbani wanasema ugonjwa umerudi!

Ratiba ya kumpelekea daktari aipitishe: robo tatu (37.5 mg) wiki 2, nusu (25 mg) wiki 2, robo (12.5 mg) wiki 2, kisha aache. Hapo vinatumika vidonge 21. Vile 9 visiguswe: akilemewa, arudi ngazi aliyotoka, akae wiki 2 hadi 4, ndipo ashuke tena. Na msitegemee kununua katikati ya safari. Mkivuka upande wa pili mnaweza kupewa vya 100 mg, mkakata nusu, kumbe mmerudi mlikoanzia.

Ngazi hizi hazina uzito sawa. Dozi ya kawaida huziba kama 80% ya milango inayorudisha serotonini (kemikali ya ubongo inayogusa hisia) ndani ya seli za ubongo. Ukitoka 50 kwenda 25, milango iliyozibwa haipungui nusu, inapungua kidogo tu. Mteremko mkali uko chini kabisa, kati ya robo na sifuri. Watu wengi hufanya kinyume: wanaogopa mwanzoni, wakifika robo wanaitupa kwa kuwa "ni kidogo".

Mlezi_Busia
Asante mkubwa. Robo zikikatwa hazilingani, nyingine zinasagika. Na akitoka jasho na kusikia baridi, tumpe dawa ya malaria?

Sista_Mbale
Wembe mpya, kisahani kikavu, anza kwenye mstari. Msikate vyote kwa siku moja, vitanyonya unyevu. Robo kutolingana si neno, mradi zote nne za kidonge kimoja ziliwe kwa kufuatana. Kwenye robo tatu, zile zinazobaki siku tatu za kwanza ndizo dozi ya siku ya nne.

Malaria pimeni kwanza. Jasho, baridi, kichwa kuuma na uchovu vinaletwa pia na kupunguza setralini, na dawa ya malaria haitavigusa. Kipimo kikiwa hasi, angalieni kalenda. Dalili za kupunguza huanza siku chache baada ya kushuka ngazi, huja na kizunguzungu na ile mishtuko, na hupoa mkirudisha dozi. Sonona yenyewe kwa kawaida hurudi taratibu, baada ya wiki au miezi: huzuni ya kila siku, kukosa hamu ya kazi na chakula. Hiyo inataka kumwona daktari, siyo ratiba mpya.

Akizungumzia kufa, au akikesha siku kadhaa akiwa na nguvu zisizo za kawaida, mpelekeni siku hiyohiyo. Hospitali ya rufaa hapa Mbale ina kitengo cha afya ya akili. Na mtu asimpe tramadoli ya maumivu ya mgongo wakati bado anameza, hizo mbili zikikutana serotonini inaweza kuzidi.

Mfamasia_Tororo
Naongezea: miezi 10 bila dalili inatosha. Mwongozo wa WHO wa 2016 ulisema miezi 9 hadi 12 kabla ya kuacha, na kupunguza kusipungue wiki 4. Ila kama kuna msiba au mavuno yanamngoja, asogeze mbele. Dawa haina haraka.